Bando limeyeyuka, pesa imekwenda kwa mwingine: jinsi ya kudai chako kwa kampuni ya simu

Mhudumu anayepokea ukipiga 100 hakuoni wewe wala simu yako. Anachokiona ni rekodi ya namba yako: vocha iliingia lini, bando liliwashwa lini, MB ngapi zimetumika, muamala gani umepita na umeishia wapi. Ukimwambia "bando langu limeisha haraka", hana pa kuanzia. Ukimwambia "nimenunua GB 1 leo saa 2:14 asubuhi, data nikaizima saa 2:30, saa 3:40 nikapata ujumbe kwamba limeisha", hapo umempa dakika za kwenda kuzitazama. Malalamiko mengi hufa kwa sababu mteja ana hasira ya haki lakini hana saa, hana namba ya muamala na hana ujumbe, kwa kuwa alishaufuta.

Na saa yenyewe itaje vizuri. Mfumo wa kampuni unahesabu saa 24, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Ukisema "saa mbili na dakika kumi na nne" bila kutaja asubuhi, mhudumu mwenye haraka ataandika 02:14 na kwenda kutafuta tukio la usiku wa manane, kisha atakujibu kwamba hakuna kitu. Soma saa kama ilivyo kwenye skrini ya simu: 08:14.

Maelezo haya yanamfaa mtumiaji wa mtandao wowote hapa Dar es Salaam: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas ambayo hadi mwishoni mwa 2024 tuliijua kwa jina la Tigo. Kero zinafanana na milango ya kugonga ni ileile.

Bando

Hii ndiyo kero inayozungumzwa kuliko zote kwenye daladala, na ndiyo ngumu zaidi kuithibitisha, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Anza na hesabu ya bei. Gawanya pesa uliyolipa kwa MB ulizopewa. Chukua mfano wa bando la shilingi 1,000 lenye MB 400: MB moja ni shilingi 2.50. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka mipaka ya bei ya MB moja ndani ya kifurushi kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa mipaka hiyo, GB 1 yenye MB 1,024 ingeangukia popote kati ya shilingi 2,079 na 9,574. Pengo ni kubwa mno, na linaeleza kwa nini majirani wawili wanalipa bei tofauti kabisa kwa kitu kilekile na hakuna aliyevunja sheria. Aprili 2 ya mwaka huohuo vifurushi vya bei mpya vilipoanza, wateja walipaza sauti hadi Serikali ikavisitisha. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba umeibiwa, fanya mgawanyo huo kwenye bando lako na kwenye mabando ya mitandao mingine. Menyu za vifurushi ni *149*01# kwa Vodacom, *149*99# kwa Airtel, *147*00# kwa Yas, *148*66# kwa Halotel na *148*30# kwa TTCL. Ukigundua umenunua ghali, hilo ni suala la kuchagua upya bando, si la kufungua shauri.

Bando la mchanganyiko, lenye dakika, SMS na MB pamoja, halikubali mgawanyo huo moja kwa moja. Kama dakika zake huzimalizi hata siku moja, basi pesa yote umelipia MB, na hesabu ifanye hivyo.

Pili, soma maneno ya bando. MB za "mitandao ya kijamii" zinafanya kazi ndani ya programu zilizotajwa tu. Rafiki akikutumia kiungo cha habari kwenye WhatsApp ukakibonyeza, kinafunguka kwenye kivinjari na hapo unatumia MB za kawaida, au salio kama MB za kawaida huna. MB za usiku zimewekwa kwenye hesabu yake peke yake na mchana hazigusiki. Dakika za "mtandao mmoja" haziendi kwingine. Bando la siku nalo lina aina mbili: linalohesabu saa 24 tangu uliponunua na linalokufa saa 6 usiku. Aliyenunua la pili saa 3 usiku amelipia saa tatu tu. Ujumbe wa kuthibitisha ununuzi huandika muda wa mwisho; huo ndio mkataba wako, usiufute.

Tatu, pima matumizi ya simu yenyewe. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data. Majina hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung na Infinix, lakini kipengele kipo kwenye zote. Utaona kila programu imekula kiasi gani. Wanaokula kimya kimya ni hawa: kuhifadhi picha mtandaoni kunakojiendesha, programu zinazojiapdeti zenyewe, WhatsApp inayopakua kila video ya kila kundi, video fupi zinazojicheza unapopitisha kidole, na hotspoti uliyoiwasha wiki iliyopita ukaisahau. Video ya ubora wa 480p hula takribani nusu GB kwa saa. Ya 1080p huzidi GB 1.5. Ndiyo maana mtu aliyehamia simu ya 4G kutoka 3G huapa kwamba kampuni imeanza kumwibia mwezi uleule. Programu ikiona kasi imepanda, inajipandishia ubora wa picha yenyewe, na MB zinaondoka mara mbili au tatu ya zamani. Ingia ndani ya programu ya video, chagua ubora mdogo ukiwa kwenye data, kisha zima kujicheza na kupakua kiotomatiki. Kwa wengi tatizo linaishia hapo.

Ukishafanya hayo yote na bado bando linayeyuka, fanya jaribio hili, maana ndilo linaloleta ushahidi usiobishika. Nunua bando dogo. Zima data, hakikisha alama yake imetoweka juu ya skrini. Zima data, hakikisha alama yake imetoweka juu ya skrini. Subiri saa mbili bila kuwasha data. Uliza salio tena, piga skrinshoti ya pili. Kama MB zimepungua wakati data imezimwa, una hoja nzito na una picha mbili zenye saa. Kama hazikupungua, mlaji yumo ndani ya simu yako. Angalizo: baada ya kuzima data, matumizi ya mwisho yanaweza kuchelewa kidogo kuandikwa, kwa hiyo skrinshoti ya kwanza ipige dakika tano baada ya kuzima, si papo hapo.

Tofauti ndogo kati ya hesabu ya simu na ya kampuni ni ya kawaida, kwa sababu mtandao huhesabu hata vipande vilivyotumwa mara ya pili baada ya kupotea njiani. MB 5 au 10 kwenye 500 usizigombee. MB 200 zigombee.

Haki zako hapa ni bayana na zilitokana na kanuni za 2021. Kampuni inapaswa kukutumia ujumbe bando likifika asilimia 75 ya matumizi na likifika asilimia 100. Bando likiisha, haipaswi kuanza kula salio lako la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi mpaka uwe umeridhia. Unapaswa pia kuwa na njia ya kumhamishia mtu wa mtandao wako MB zako, na ya kuendelea na MB zilizobaki ukinunua tena kabla muda haujaisha. Kwa hiyo salio la shilingi 3,000 likitoweka bando lilipokwisha, swali la kumuuliza mhudumu ni moja: "Ridhaa yangu ya kutumia nje ya bando niliitoa lini na kwa njia gani?" Jibu likiwa kwamba uliwahi kuiwasha kwenye menyu, omba izimwe hapohapo na usubiri ujumbe wa kuthibitisha.

Salio linalokatwa bila bando kuhusika lina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni deni: ulikopa salio, umeongeza vocha, na mfumo umejilipa kabla hujaigusa, pamoja na ada yake. Hapo huna la kudai. Ya pili ni huduma za kujiunga, kama miziki ya kuitikia simu, dondoo za michezo, jumbe za mapenzi au za dini, zinazokata kidogo kidogo kila siku. Nyingi watu hujiunga kwa kubonyeza OK kwenye tangazo lililoruka kwenye skrini. Piga 100 useme: "Naomba unitajie huduma zote nilizojiunga, moja moja, na tarehe ya kila moja." Kisha: "Ziondoe zote." Jumbe zenyewe mara nyingi huwa na neno la kujitoa, ONDOA au STOP, lakini kwa mhudumu unapata rekodi ya tarehe, na bila tarehe huwezi kudai marejesho.

Pesa iliyokwenda kusiko

Hapa kinachokuokoa ni mwendo. Umetuma kwa namba isiyo sahihi: usimpigie aliyepokea kwanza. Wengi hufanya hivyo kwa uungwana, na wapo wanaorudisha, Mungu awabariki. Lakini asiye mwaminifu ukishamshtua anakwenda kwa wakala wa karibu, na pesa ikishatolewa kampuni haina cha kushika. Piga 100 kwanza, au tumia sehemu ya kurudisha muamala kama menyu ya mtandao wako inayo. Menyu za pesa ni *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa na *150*71# kwa T-Pesa. Mpe mhudumu namba ya muamala (zile herufi na tarakimu zilizochanganyika mwanzoni mwa ujumbe), kiasi, saa, na namba uliyokosea pamoja na uliyokusudia. Namba mbili zinazofanana isipokuwa tarakimu moja zinajieleza zenyewe kwamba ni makosa.

Kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji, inaweza kuzuiwa wakati suala linaangaliwa. Kama imeshatoka, utaambiwa hivyo waziwazi, na hatua inayobaki ni polisi: chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kisha uipeleke kwa kampuni. Taarifa za mwenye laini ile hupewa polisi, wewe hupewi, kwa hiyo usipoteze siku nzima kubishana kaunta ukitaka jina na makazi yake.

Ukiwa umetuma kwenda mtandao mwingine, shauri linaanzia kwenye mtandao wako wewe uliyetuma. Lipa namba uliyokosea ni rahisi kidogo kama ungali dukani: mwenye duka anaweza kuona muamala na mkaelewana mkiwa mmesimama hapo. LUKU ina njia yake. Pesa ikikatwa na tokeni ya tarakimu 20 isije, kwanza uliza tena tokeni kwenye menyu ya pesa, kisha piga 100 na namba ya muamala, kisha TANESCO kwa 180 na namba ya mita. Kununua mara ya pili kwa pupa kabla ya kuuliza ndiko kunakoleta tokeni mbili na njaa mwisho wa mwezi.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Inachukua sekunde tatu. Siku hizi tarakimu za mwanzo hazikuambii tena mtandao wa mtu, kwa sababu tangu Machi 2017 namba zinahama na mwenye nazo. 075 inaweza kuwa Airtel na 078 inaweza kuwa Vodacom. Jina ndilo kinga.

Upande wa pili wa shilingi ni pesa inayodaiwa kuja kwako kwa makosa. Unapokea ujumbe kwamba umepokea shilingi 150,000, halafu simu inaita: "Samahani sana mama yangu, nimekosea, hiyo ni ada ya mtoto, nirudishie." Angalia salio kwa menyu, usiuamini ujumbe. Ujumbe wa kweli unaingia kwenye mfululizo uleule wa jumbe za siku zote za huduma ya pesa, hauji kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiitume mwenyewe. Mwambie apige 100, nawe usiitumie pesa hiyo hadi kampuni iirudishe. Ukiituma kwa mkono wako na yeye akawa ameshaomba irudishwe, utakatwa mara mbili.

Jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anazijua na bado zinanasa watu, hasa mwisho wa mwezi, wakati kweli kuna mtu unayetakiwa kumtumia kodi. Ujumbe wenyewe upeleke kama ulivyo kwenda 15040. Utajibiwa uandike namba ya aliyekutumia. Ni bure na namba hizo hufungiwa. Anayepiga akijitambulisha kuwa huduma kwa wateja kwa namba yoyote isiyo 100 ni tapeli, hata akitaja jina lako kamili na salio lako. Kata simu. Ukitaka uhakika, piga 100 wewe mwenyewe.

Kuhusu makato: 15 Julai 2021 ilianza tozo ya Serikali kwenye miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na kelele zilipozidi ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Funzo la kiutendaji lililobaki ni kwamba makato si kitu kimoja. Kuna ada ya kampuni na kuna kinachokwenda Serikalini, na ujumbe wa muamala huvitenganisha. Unapolalamikia makato, taja ni lipi. Kodi haitarudishwa na mhudumu hata ukimlilia. Ada iliyozidi bei iliyotangazwa itarudishwa ukionyesha jedwali na ujumbe. Wakala anayedai "ya juu" mkononi wakati wa kutoa pesa anakosea. Chukua namba yake ya wakala iliyobandikwa kibandani na uiripoti 100.

Laini na kidole

Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Utaratibu huo ulipunguza laini zisizo na wenyewe lakini ulizaa ujanja mpya. Msajili wa barabarani anakwambia "kidole hakijasoma, weka tena", mara ya pili, mara ya tatu. Wakati mwingine kweli jasho limezuia. Wakati mwingine kila kidole ni laini nyingine kwa jina lako, itakayouzwa kwa mtu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kabla hujaondoka kwenye mwavuli wake piga *106# na ufuate maelekezo kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Rudia kila baada ya miezi michache. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka rasmi la mtandao husika, siyo kwa msajili wa barabarani, uikane na ifutwe. Polisi wakiifuatilia laini hiyo wanakuja kwako.

Simu ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wa mtandao uleule wanapata, usingoje irudi. Huenda mtu amerinyuu laini yako kwingine na sasa hivi yuko kwenye menyu ya pesa. Azima simu, piga 100, sema: "Fungeni laini yangu na akaunti ya pesa sasa hivi." Kisha ijulishe benki iliyounganishwa na namba hiyo. Kisha nenda dukani na NIDA, kidole chako kithibitishe, na udai kuandikiwa tarehe, saa na mahali laini ilikobadilishwa. Maelezo hayo ndiyo uti wa shauri lote la baadaye: kampuni iliruhusu kubadilisha laini kwa kidole cha nani?

Simu iliyoibwa ni habari fupi. Leo kabla haijaibwa piga *#06#, nakili IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari. Ikiibwa: funga laini, ripoti polisi upate taarifa ya upotevu, wape kampuni IMEI ili kifaa chenyewe kifungwe. Ukinunua simu ya mkononi kwa mtu Kariakoo, tuma IMEI kwenda 15090 kabla ya kutoa pesa. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016 na anayeuziwa bandia hubaki na kioo.

Mtandao ukigoma

Tenga kwanza kosa ni la nani. Weka laini yako kwenye simu nyingine, palepale ulipo. Ikifanya kazi, simu yako ndiyo mbovu. Ikigoma, weka laini ya jirani wa mtandao huohuo kwenye simu yako. Nayo ikigoma, ni mnara au ni mahali. Ghorofa za zege za Kariakoo hunyonya mawimbi. Sogea dirishani uone. Kasi inayokufa kila jioni na kurudi alfajiri ni msongamano: watu wengi wa mtaa mmoja wamerudi nyumbani na wanagawana mnara mmoja. Mtandao unaopotea umeme ukikatika kwa saa nyingi ni betri za mnara kuisha. Malalamiko ya namna hii yanahitaji mtaa, alama ya karibu, saa na siku kadhaa mfululizo, na yana nguvu zaidi yakiletwa na watu kumi wa mtaa kuliko mmoja.

Intaneti ikizorota kwenye mitandao yote kwa pamoja, mnara wa mtaani kwako hauna kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikapungukiwa. Siku kama hiyo usinunue bando kubwa la siku moja; litaisha muda wake likiwa halijatumika, na kulidai ni kazi.

Kufungua shauri

Mlango wa kwanza ni kampuni, na hakuna wa kuuruka. Mwishoni mwa simu sema hivi: "Asante dada, naomba namba ya malalamiko haya na siku ya kujibiwa." Bila namba hiyo, simu yako ilikuwa maongezi tu. Andika namba, jina alilojitambulisha nalo mhudumu, tarehe na saa. Siku waliyokuahidi ikipita, nenda duka lao rasmi na maandishi, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maandishi yawe mafupi:

"Yah: Salio kukatwa nje ya bando bila ridhaa. Namba yangu ni (namba). Tarehe (tarehe) saa (saa) nilinunua bando la (jina), ujumbe wa uthibitisho nimeambatisha. Saa (saa) liliisha, nikakatwa shilingi (kiasi) kutoka salio la kawaida. Sikuridhia matumizi nje ya bando. Nilipiga 100 tarehe (tarehe) na kupewa namba ya malalamiko (namba). Naomba nirudishiwe shilingi (kiasi) na nielezwe kwa maandishi ridhaa hiyo ilitoka wapi."

Dai jambo moja kwa barua moja. Anayechanganya bando, makato ya wakala na mtandao mbovu katika ukurasa mmoja hujibiwa lile jepesi tu.

Wasipokujibu au jibu lisiporidhisha, nenda TCRA. Makao yao yako Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo. Daladala za njia hiyo zinapita mbele yake. Unaweza pia kuandika kwa malalamiko@tcra.go.tz. Ambatisha barua yenye muhuri, skrinshoti na majibu ya kampuni kama yapo. Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama ulianza kwa mtoa huduma, na ndiyo sababu ya kuhangaikia ule muhuri. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa huenda Baraza la Ushindani. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA CCC, ambalo husaidia mteja asiyejua aanzie wapi. Mzee au mtu asiyesoma aelekezwe huko.

Mambo ya pesa za simu yana msimamizi mwingine, Benki Kuu. Kampuni ikikwama kwenye muamala, dawati la malalamiko la BoT ndilo lenye meno. Namba yako ikigawiwa kwa watangazaji bila idhini, hilo ni la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya 2022.

Na kama umechoka, hama na namba yako. Nenda kwa duka la mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho na laini ya zamani ikiwa hewani, wakuongoze kutuma neno HAMA kwenda 15080, kisha upewe laini mpya. Lipa madeni yote kwanza, yakiwemo ya kukopa salio, la sivyo ombi linaweza kukwama. Salio, MB na dakika hazihami. Pesa iliyomo kwenye akaunti ya simu itoe au itume kwingine kabla ya kutuma neno hilo, uangalie salio lisome sifuri, ndipo umkabidhi mhudumu laini ya zamani.